Kiwiko kimeteguka na mifupa imevunjika: jinsi ya kupita oparesheni na mazoezi bila mkono kuganda

Mimi kazi yangu ni mazoezi ya tiba hapa Tanga, na kiwiko ndio kiungo kinachoniuma roho kuliko vyote. Mtu anakuja mkono umesimama digrii 90, hauendi mbele haurudi nyuma, ukiangalia picha unaona oparesheni imefanywa safi kabisa, vyuma vimekaa pake, mifupa imeunga, ila alivyotoka wodini alikaa na slingi mwezi na nusu hajauchezesha hata mara moja maana nyumbani walimwambia usiuguse huo mkono mpaka uunge. Au kinyume chake, walimchua wakamvuta mpaka kiwiko kikaota mfupa pasipotakiwa. Mara nyingi yote mawili yanazuilika na wala hayataki hela nyingi, yanataka mtu ajue wiki gani afanye nini. Kwahiyo naandika kwa mpangilio wa siku zinavyokwenda, ukiwa mgonjwa soma, ukiwa ndio unaemuuguza soma zaidi.

Kwanza uelewe ni kitu gani hiki. Kiwiko kikiteguka tupu bila mfupa kuvunjika mara nyingi hakihitaji kisu, kinarudishwa mahali pake, unavaa slingi siku chache, mazoezi yanaanza ndani ya wiki moja au mbili. Hapa naongelea kile kilichoteguka NA kuvunjika. Mtu kaanguka na baiskeli Ngamiani, au bodaboda imeteleza kwenye mchanga, au kachomoka mnazini huko Pongwe, anatanguliza kiganja chini, uzito wote unapanda mpaka kiwikoni na mkono wa chini unasukumwa nyuma. Hapo vinavunjika vitu viwili: kile kichwa cha mviringo cha mfupa wa upande wa dole gumba, na ule mdomo mdogo wa mbele wa mfupa wa upande wa kidole cha mwisho, ambao kazi yake ni kuuzuia mkono usichomoke kwa nyuma. Na kano za pembeni zinachanika, hasa ya upande wa nje. Vikija pamoja vyote hivyo, kuteguka, kichwa kuvunjika na mdomo kuvunjika, madaktari wana jina lake kabisa, utatu wa kutisha, aliyelitoa ni daktari Mmarekani Robert Hotchkiss mwaka 1996, na alikuwa na sababu, maana kiwiko cha namna hii ukikirudisha ukafunga hogo tu, yaani plasta ngumu, mara nyingi kinachomoka tena humohumo ndani ya hogo. Ni bawaba iliyong'oka misumari, huwezi kuifunga kamba ukategemea mlango usimame.

Kuna ndugu yake mwingine ambae anapita bila kuonekana. Mfupa wa upande wa kidole cha mwisho unavunjika katikati au karibu na kiwiko, alafu kile kichwa cha mfupa wa pili kinachomoka mahali pake. Giovanni Battista Monteggia wa Italia aliueleza tangu 1814 na mpaka leo unatuponyoka, kwasababu jicho linakwenda palipovunjika, picha inapigwa hapohapo tu na kiwiko hakionekani vizuri. Ukiona mkono wa chini umevunjika mfupa mmoja tu, muulize daktari kwa adabu kama picha imechukua kiwiko na kiganja vyote viwili. Na kama kiganja nacho kinauma sema, usikae kimya ukadhani ni maumivu ya kiwiko yameshuka.

Sasa siku yenyewe ya ajali. Mkono usivutwe na mtu yeyote. Najua palepale atatokea mzee mwenye sifa ya kuvuta viungo na anataka kusaidia kwa moyo wote, msalimie shikamoo yake, mwambie mzee wangu tunakwenda hospitali wapige picha kwanza, hapo hujamvunjia heshima. Ufunge mkono ulivyo, usijaribu kuunyoosha, chukua boksi gumu likunje lishike mkono kwa chini kisha kanga moja ifunge na nyingine ining'inize shingoni. Vua pete, bangili na saa sasahivi kabla vidole havijavimba, baadae itabidi zikatwe. Usile wala usinywe, maana kurudisha kiungo kunaweza kuhitaji dawa ya usingizi. Barafu unaweza kuweka ila izungushie kitambaa, dakika 15 mpaka 20 kisha toa. Panda bajaji au taksi, usipande bodaboda na mkono umening'inia.

Njiani mwenye kumsindikiza aangalie vidole. Minya ukucha uache, rangi irudi ndani ya sekunde mbili hivi, muulize anahisi unapomgusa, muulize anaweza kuvichezesha. Vidole vikiwa baridi vimepauka au havihisi chochote, ukifika getini sema hivyohivyo kwa sauti, kiwiko cha hivyo hakingoji foleni. Na kama kuna kidonda juu ya palipovunjika, hata kadogo kama kadoa ka damu, funika na kitambaa kisafi basi, usiweke dawa ya meno wala majani wala unga wowote, na ukifika waambie kipo, maana mfupa uliopata hewa unataka dawa ya kuua vijidudu mapema na sindano ya pepopunda, na kwa kawaida unasafishwa thieta bila kusubiri uvimbe upungue.

Hapa kwetu wengi watafikia Bombo, ndio hospitali ya rufaa ya mkoa. Kitu cha kwanza wanachofanya ni kukirudisha kiungo mahali pake, siku hiyohiyo, alafu wanafunga plasta ya nusu ambayo haizunguki mkono mzima ili uvimbe upate nafasi, na wanapiga picha tena kuhakikisha kimekaa. Ikiwa imevunjika vipande vipande daktari atataka siti skani, usione ni kupotezewa hela, ule mdomo wa mbele kwenye eksirei ya kawaida unajificha nyuma ya mifupa mingine na daktari anahitaji kujua ukubwa wa kipande kabla hajashika kisu.

Ukiambiwa rufaa, iwe MOI, taasisi ya mifupa pale Muhimbili Dar, au hospitali ya KCMC Moshi, hapa ndio nakuomba sana usizembee. Uzuri wa oparesheni hii ni ifanyike ndani ya wiki mbili za mwanzo, uvimbe ukishapungua lakini makovu ya ndani hayajashika. Mtu anapewa karatasi anarudi nyumbani kuchangisha, familia wanakaa kikao, wengine wanasema mpelekeni kwa fundi wa mifupa kwanza tuone, mwezi unakatika, na kiwiko cha mwezi mmoja kimeshakuwa kazi nyingine kabisa, ngumu zaidi, gharama zaidi na matokeo hafifu. Kama una bima nenda siku hiyohiyo ukaulize vyuma vinalipiwa vipi na unachangia nini. Beba picha zote, ya kabla na ya baada ya kurudishwa. Kwenye basi la Dar, safari ya Segera na Chalinze ni ndefu, kaa dirishani upande ambao mkono mbovu unakuwa ukutani, maana ukiuacha upande wa njia kila anaepita na begi atakugonga, mto mdogo mapajani mkono ulale juu yake, na vidole uvichezeshe njia nzima.

Kabla ya oparesheni kuna swali moja zito la kumuuliza daktari: kichwa cha mfupa kitaungwa au kitawekwa cha bandia? Kikiwa kimevunjika vipande viwili vitatu vikubwa kwa kawaida kinaungwa kwa skrubu ndogo, kikiwa kimesagika zaidi ya hapo kuunga kunafeli sana, bora cha chuma. Kwenye kiwiko kilichoteguka na kuchanika kano haifai kichwa kutolewa tu pakaachwa wazi, kile ni nguzo ya upande wa nje, ikitoka mkono unayumba. Cha bandia si kila hospitali kinakuwepo stoo, kwahiyo ulizia mapema kama kipo au kinaagizwa, usije ukagundua upo mezani.

Thieta wanafanya nini? Wanaanza ndani wanatoka nje. Kwanza ule mdomo wa mbele unashikizwa kwa skrubu au kwa uzi mgumu unaopitishwa mfupani, kisha kichwa, kisha kano ya upande wa nje inarudishwa na kufungwa kwenye mfupa wake. Halafu daktari anakunja na kukunjua mkono huku anaangalia kwenye eksirei ya palepale kama kiungo kinakaa. Kikikaa, wanafunga. Kisipokaa wanakwenda kano ya upande wa ndani, na ikishindikana kabisa unaamka na antena, vile vyuma vya nje, usiogope, ni ya muda. Usingizi unaweza kuwa nusu kaputi au ganzi ya kuanzia shingoni na begani ambayo mkono wote unalala masaa mengi, ukiamka huuhisi mkono usidhani umekatwa mshipa, ila muulize muuguzi ganzi inatakiwa iishe lini. Chakula kwa kawaida unaacha masaa 6 kabla na maji matupu masaa 2, lakini fuata unavyoambiwa hapo ulipo. Sigara acha, mfupa unachelewa kuunga na kidonda nacho.

Siku ya kuruhusiwa usiondoke bila majibu ya mambo haya, na yaandikwe kwenye karatasi yako kwa sababu mimi au mwenzangu utakaemkuta huku hatukuwepo thieta: kimeungwa nini na kano ipi imeshonwa, mazoezi yanaanza siku ya ngapi, mwisho wa kunyoosha ni digrii ngapi kwa sasa, na kiganja kiangalie wapi wakati wa kunyoosha. Hili la kiganja watu wanalidharau. Ikiwa kano ya nje ndio ilishonwa na ya ndani nzima, kwa kawaida tunataka kiganja kiangalie chini, kinailinda. Ikiwa ya ndani ndio mbovu, kinaangalia juu. Zote mbili, kinakaa katikati dole gumba likiwa juu. Nikipokea mgonjwa hana karatasi nabaki kukisia, na kwenye kiwiko sipendi kukisia.

Siku za mwanzo kazi yako ni uvimbe. Lala chali, mkono juu ya mito miwili, kiganja kiwe juu ya usawa wa moyo. Vidole vikunje ngumi ufungue, kila ukiwa macho, usihesabu. Bega nalo lisilale, linaganda nalo. Dawa ya maumivu meza kwa saa zake, mwenye maumivu hafanyi mazoezi.

Mazoezi ya kiwiko chenyewe mara nyingi yanaanza ndani ya siku chache mpaka wiki moja hivi baada ya oparesheni, ukishapewa ruhusa, na zoezi mama ni hili. Lala chali kitandani au mkekani. Nyanyua mkono mbovu mpaka sehemu ya juu, bega mpaka kiwiko, isimame wima kuelekea darini, mkono mzima ushike kiganja cha mwenzie umsindikize. Sasa achia taratibu kiwiko kikunje, kiganja kishuke kuelekea paji la uso, uzito wa mkono wenyewe ndio unaofanya kazi. Kaa hapo uvute pumzi tatu. Kisha panda kuelekea darini, nyoosha mpaka pale daktari aliposema, mara nyingi wiki za mwanzo hawataki zile digrii 30 za mwisho, na kila wiki chache wanakufungulia kidogo. Mara 10, na urudie mara nne tano kwa siku. Kwanini chali na sio kukaa? Ukilala hivyo uzito unaukandamiza mkono kuingia ndani ya kiungo, kiungo kinakaa. Ukiwa umesimama unaning'iniza, uzito unauvuta utoke.

La pili, kaa kwenye kiti, kiwiko kikunje 90 kibane ubavuni kama umebana gazeti kwapani, shika mwiko, geuza kiganja kiangalie juu kisha chini, taratibu, mwiko unakuonyesha umegeuka kiasi gani. Bega lisisaidie kudanganya.

Maumivu ya kuvutika ni sawa, yakiisha ndani ya nusu saa hivi umefanya kiasi. Yakibaki mpaka usiku na kiwiko kimevimba zaidi asubuhi, umezidisha, punguza nguvu ila usiache. Bora mara nyingi kidogo kidogo kuliko mara moja kwa hasira.

Na sasa mafuta. Nyumba za huku kwetu lazima shangazi au bibi atakuja na mafuta ya nazi yamepashwa moto, na kwa mapenzi kabisa anataka kuchua na kunyoosha. Kiwiko kilichojeruhiwa hivi kikichuliwa kwa nguvu, au kikilazimishwa na mtu mwingine, nyama zinazozunguka zinaumia upya na kiwiko ni kiungo kinachopenda kuota mfupa ndani ya nyama, na ukishaota mkono umefungwa na kufuli. Lakini usimfukuze mzee wa watu. Mimi huwa nawaambia, shangazi shikamoo, kiwiko tuachie sisi, wewe chukua vidole na kiganja, chua taratibu kutoka ncha za vidole kurudi juu, na bega pia. Anafurahi, uvimbe wa vidole unapungua, na mgonjwa anapata mtu wa kukaa nae. Maji ya moto kukanda kidonda hapana. Na kupewa uzito wa kubeba, ndoo au tofali ili mkono unyooke, hapana kabisa, huu ushauri naukuta kila kona.

Kuna mijongeo ya kawaida nyumbani inayoharibu kazi ya daktari bila mtu kujua. Kubwa ni kujiinua kwa kiganja, kutoka kitandani, kwenye kiti, mkekani. Wale tunaoswali, sijda unaweka viganja chini na kujisukuma kuinuka, uzito unapita hapohapo palipovunjika, kwahiyo kwa wiki hizi swali umekaa kwenye kiti, na habari ya kutawadha na bandeji muulize sheikh wako, ipo ruhusa ya kupaka juu yake. Nyingine ni kunyanyua mkono pembeni kiwiko kimetoka nje, kama unavyochukua kitu kwenye shelfu ya ubavuni, ile inaivuta kano ya nje. Kwa wiki 6 kiwiko kikae karibu na mbavu, na kitu kizito kuliko kikombe cha chai usibebe, hata mtoto, mtoto akae mapajani mtu mwingine amuweke. Kama ni mkono wa kulia kula kwa kijiko na wa kushoto bila aibu yoyote, ni dharura. Kinamama dera pana ndio nguo yenu, kinababa shati la vifungo, mkono mbovu unaanza kuvaa na unakuwa wa mwisho kuvua.

Nyuzi zinatolewa siku ya 10 mpaka 14. Kabla ya hapo na baada yake kuna mambo hayasubiri kliniki. Maumivu makali yanayozidi juu ya dawa, mkono wa chini umekaza kama mti, vidole ukivinyoosha mgonjwa anapiga kelele: rudi usiku huohuo na bandeji ilegezwe, presha ndani ya nyama inaua misuli kwa masaa na ndio inaacha vidole vimejikunja maisha, jambo alilolieleza Richard von Volkmann tangu 1881. Usaha, joto jekundu, homa, rudi. Kiwiko kimefanya kluk na umbo limebadilika, rudi. Kidole cha mwisho na cha pete kufa ganzi au kuchomachoma, sema mapema, ni mshipa wa fahamu unaopita nyuma ya kiwiko, ukibanwa unaweza kufunguliwa. Na dawa ya indomethacin ambayo wengine wanaandikiwa kuzuia mfupa kuota usijinunulie dukani kwasababu jirani alipewa, inachoma tumbo na figo.

Wiki ya 6 hivi picha inapigwa, mfupa ukionyesha kuunga mipaka inafunguliwa. Kama hapo kunyoosha kumekwama kabisa, kuna vifaa vya kuvaa vinavyovuta kidogo kidogo kwa masaa, ulizia, ndio wakati wake. Mazoezi ya nguvu yanaanza kwenye wiki ya 10 mpaka 12. Usikate tamaa mwezi wa tatu, kiwiko kinaendelea kufunguka mpaka karibu mwaka. Na usijipime na mkono mwingine. Mwaka 1981 Bernard Morrey na wenzake wa Mayo Clinic walipima watu wakifanya kazi za kila siku, wakaona nyingi zinafanyika kati ya digrii 30 na 130 za kukunja, yaani hata usiponyooka kabisa, na wengi hawanyooki kabisa, unakula, unavaa, unafungua mlango. Kikibaki kimekaza chini ya hapo kuna oparesheni ya kukifungua, kwa kawaida baada ya miezi sita na kuendelea, lakini na yenyewe inafuatwa na mazoezi haya haya.

Kurudi kazini mwambie daktari kazi yako kwa jina lake. Mwenye duka anarudi mapema sana, mkono upo kwenye slingi anahesabu hela na wa pili. Bodaboda anasubiri mpaka anaweza kukaba breki ghafla bila kushtuka. Mkwezi akijieleza kuwa ni mkulima anapewa ruhusa ya jembe, wakati yeye mwili wake wote unaning'inia kwenye viwiko viwili juu ya mnazi, kwahiyo mimi mkwezi simruhusu kabla ya mwezi wa sita, picha iwe imeonyesha mfupa umeunga, na anaanza kwa kuning'inia kwenye boriti miguu ikigusa chini, aongeze uzito kidogo kila wiki, ndio tuongee habari ya mnazi mfupi.